TAHADHARI: mnunuzi wa mninga anayepitisha karatasi ya mahudhurio vijijini

Ndugu zangu wa vijiji vyenye msitu wa hifadhi, tumepigwa. Tumepigwa mchana kweupe, halmashauri nzima ya kijiji imekaa mezani inatazama.

Alikuja siku ya kikao, barua ina mhuri, leseni ipo, shikamoo kwa kila mzee. Akafungua Sheria ya Misitu ya 2002 na kutueleza kwamba mapato ya msitu wa kijiji ni ya kijiji. Hilo ni kweli, na ndilo lililotulainisha. Wanunuzi wengine hutaka kijiji kisijue haki yake. Huyu alitusomea yeye mwenyewe. Nani angemshuku?

Kisha soda, kisha karatasi ya mahudhurio. Karatasi tupu juu: hakuna jina la kikao, tarehe wala ajenda. Ni mistari tu iliyopigwa namba 1 hadi 80. Wajumbe wakasaini, na wananchi waliokuwa barazani wakaitwa nao wasaini "kwa ajili ya soda". Karatasi ileile ikaja kubandikwa nyuma ya muhtasari wa Mkutano Mkuu ambao haukuwahi kukaa, ukisema kijiji kimeridhia magogo 60 nje ya mpango wa usimamizi wa msitu. Mpango huo hupitishwa na Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri haina uwezo wa kuugeuza ofisini. Ndiyo maana alizitaka zile saini.

Kwenye kupima akatuibia mara ya pili. Futi kamba aliiweka kwenye ncha nyembamba ya gogo. Gogo la mita 3 lenye kipenyo cha sentimita 50 katikati lina mita za ujazo 0.589. Ukilipima kwenye ncha yenye sentimita 44 unapata 0.456. Kwa magogo 60 ya namna hiyo zinapotea karibu mita za ujazo 8. Nane! Hilo ni darasa la watoto wetu limepanda lori.

Huyu mtu akamatwe. Lori lizuiwe, magogo yarudishwe, leseni ifutwe, na aliyegonga nyundo ya alama ya kuruhusu magogo yale bila kuuliza mpango wa uvunaji asimame naye kizimbani. Onyo halitoshi. Faini ataitoa mfukoni akicheka.

Dalili zilikuwepo: hakutaka kamati ya maliasili ihesabu visiki, hakuacha nakala hata moja, na haraka yake ilikuwa "kabla ya mvua".

Mahudhurio yaandikwe ndani ya kitabu cha mihtasari cha kijiji, si kwenye karatasi ya mgeni. Kila ukurasa uwe na kichwa na tarehe, na chini ya saini ya mwisho pigeni mstari wa kufunga. Gogo lipimeni katikati, kipenyo mara mbili kwa kukatisha, mchukue wastani, kisha namba ya gogo iandikwe pia kwenye kisiki chake.

Kama kwenu tayari mmesaini, mwenyekiti na mtendaji wachukue kitabu halisi leo hii wakamwone ofisa misitu wa wilaya, kabla hati ya kusafirishia haijatoka. Magogo yakishavuka kizuizi, mtabaki na visiki.