Hita ipi inafaa kwa baridi ya Njombe, Makete na Mufindi?

Kuanzia Juni hadi Agosti, nyanda za juu kusini mwa Tanzania hupata baridi kali, na zipo asubuhi ambazo sakitu hutanda juu ya majani ya mashamba ya Makete. Wakati huo maduka ya vifaa vya umeme huleta hita za kila aina. Kabla ya kulinganisha bei, mnunuzi anapaswa kujua kwamba hita zote zinazopata joto kwa koili hugeuza umeme kuwa joto kwa kiwango kilekile. Hita ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo kwa saa 1 hula yuniti 1.5, iwe ya feni, ya mafuta au ya koili nyekundu, kwa hiyo maneno "inaokoa umeme" yaliyoandikwa kwenye boksi si sababu ya kuongeza hata shilingi moja. Zinachotofautiana ni namna joto linavyosambaa na kudumu, na usalama wa wanaolala humo.

Kwa chumba cha kulala, hita ya mafuta ndiyo ya kwanza. Ni ile yenye mapezi ya chuma yaliyojazwa mafuta ambayo hayaongezwi wala kubadilishwa. Huchelewa kupata moto, lakini haina kelele, haina koili iliyo wazi ya kuunguza pazia au chandarua, na huendelea kutoa joto kwa muda baada ya kuzimwa. Chagua yenye thamostati, yaani kidhibiti kinachoizima hita chumba kikipata joto la kutosha, kwa sababu gharama si ndogo: kwa mteja anayelipa takriban shilingi 356 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwamo, wati 1,500 kwa saa 4 kila usiku ni yuniti 6, yaani shilingi 2,136, na kwa siku 30 ni shilingi 64,080 ikiwa hita haipumziki. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, atamaliza yuniti hizo kwa hita pekee kabla ya wiki mbili kuisha.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba nyumba ya bati isiyo na dari ifungwe dari kwanza, na nyufa za madirisha na milango zizibwe. Joto hupanda, na pasipo dari utakuwa unalipia kulipasha bati.

Nafasi ya pili, hasa kwa sebule, naipa jiko la kuni la chuma lenye mlango na bomba la moshi, ambalo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kulitengeneza. Kuni za miwati na misindano zinapatikana kwa urahisi katika maeneo haya. Meko ya wazi yenye dohani hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto lake hutoka na moshi. Bomba lipite juu ya paa na likae mbali na mbao za kenchi.

Hita ya feni ni ya tatu: hupasha haraka chumba kidogo cha kazi, na ikizimwa baridi hurudi mara moja. Ya koili nyekundu humpasha tu aliyekaa mbele yake, na haifai kabisa penye watoto wadogo. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa naiweka mwisho, kwani huongeza unyevu chumbani, huhitaji dirisha lililo wazi kiasi, na haipaswi kuachwa ikiwaka watu wamelala.

Jiko la mkaa silipi nafasi yoyote. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini bila kuwaamsha. Hata makaa yaliyobaki kidogo yatolewe nje kabla ya kulala.

Ukiwa dukani, mwombe muuzaji aichomeke hita, aiwashe, kisha aiinamishe: yenye swichi ya usalama hujizima yenyewe. Soma wati kwenye kibandiko cha nyuma, na uangalie kama waya ni mnene. Nyumbani, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kwa kuwa ekstensheni nyembamba hupata moto na kuyeyuka chini ya mzigo huo. Na plagi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, zima hita na umwite fundi umeme aikague soketi.