Seti za cheni ya taimingi za Boxer na TVS madukani Tabora: ipi ya kununua na namna ya kuifunga nyumbani

Ukiomba "mkanda wa taimingi" wa pikipiki kwenye duka la spea Tabora mjini, muuzaji atakuelewa, ila atakachokupa ni cheni. Mkanda wa mpira uko kwenye Ducati nyingi na Honda Gold Wing za zamani. Boxer 150 na TVS HLX zinazobeba abiria Ipuli na magunia kutoka Sikonge zina cheni ya chuma inayotoka krenki, yaani shafti kuu ya injini, hadi kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Halafu kuna pikipiki za Kichina zenye injini ya aina ya CG: kamshafti iko chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Hizo hazina cheni ya taimingi kabisa, kwa hiyo mwenye nayo asiuziwe seti hii hata injini ikipiga kelele namna gani.

Seti zipo za sura tatu. Kuna boksi la kiwanda cha pikipiki lenye namba ya spea, kuna boksi la watengenezaji wengine, mengi yakitoka India, na kuna mfuko wa nailoni usio na jina wala namba. Ndani hukuta cheni, raba ya mbele, raba ya nyuma na, ukibahatika, tenshena, kile kifaa cha kukaza cheni. Boksi la kiwanda ndilo bora. La pili linafaa likipita vipimo vya hapa chini. Mfuko wa nailoni uache, na sababu kubwa si cheni, ni raba. Raba ya kuongozea cheni ni mpira uliogandishwa juu ya bati. Ishike, bonyeza ukingo wa mpira kwa ukucha kama unayemenya chungwa. Ukiona mpira unanyanyuka hata kidogo, hiyo itabanduka ndani ya oili ya moto, na vipande vyake vitakwenda kuziba chujio la oili. Hapo injini haifi kwa cheni, inakufa kwa kukosa oili.

Cheni yenyewe ikague hivi. Ishike kwa ubavu, mkono mmoja, uone inavyolala: mpya huinama kidogo tu, iliyochoka au yenye pini legevu huinama kama kamba. Ikunje pingili moja moja. Isiwepo hata moja iliyo ngumu. Kisha hesabu pingili na uzilinganishe na za cheni ya zamani, kwa sababu maboksi yenye picha ya pikipiki ileile huweza kuwa na cheni za urefu tofauti. Nyingi za cheni hizi ni 25H, yaani pini hadi pini ni milimita 6.35. Ikizidi pingili mbili tu, umeongeza milimita 12.7, na hakuna tenshena itakayoimeza. Anayetoka Urambo au Kaliua aje na cheni ya zamani mfukoni. Nauli ya kurudi kubadilisha inauma kuliko bei ya spea.

Tenshena isiyo kwenye seti inunue pembeni. Hapa ndipo wengi wanapobana pesa pasipostahili. Cheni mpya ikifungwa na tenshena iliyochoka, mlio wa chakachaka upande wa kushoto asubuhi injini ikiwa baridi utarudi upesi. Kabla hata ya kununua chochote, fungua tenshena uangalie fimbo yake imetoka kiasi gani. Ikiwa imefika mwisho, cheni na raba zimekwisha. Ikiwa bado iko ndani nusu na mlio upo, shuku tenshena yenyewe au tapeti, visukumio vya valvu. Ule mtindo wa kijiweni wa kuweka bolti ndefu nyuma ya fimbo ili ikaze "moja kwa moja" ni kuua injini: cheni hukaza na kulegea kadiri joto linavyobadilika, na ikikazwa bila kuachiwa nafasi inakula raba hadi kwenye bati.

Kufunga nyumbani kunawezekana, sharti uwe na pula ya kuvutia magneto (gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki) inayolingana na nyuzi za skrubu za magneto yako. Iingize kwa mkono angalau mizunguko mitano kabla ya kuikaza. Usigonge magneto kwa nyundo kamwe. Sumaku hupasuka na krenki hupinda. Spana ni za kawaida, namba 8, 10, 14 na 17, pamoja na fila geji ya kupimia nafasi ya tapeti. Tandika turubai, maana mchanga wa Tabora unaingia kila mahali, na magneto iweke juu ya ubao safi: ukiilaza chini itavuta kila chembe ya chuma iliyo uani.

Mwaga oili, toa plagi, kifuniko cha valvu na kifuniko cha kushoto. Zungusha krenki kinyume cha saa hadi alama ya T ya kwenye magneto ilingane na mstari wake kwenye injini, na tapeti zote mbili ziwe legevu. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. T, siyo F. F ni ya moto wa plagi, na anayeichukua kuwa ndiyo taimingi huishia na valvu zisizofunguka kwa wakati wake. Toa tenshena kwanza, ndipo ufungue sproketi ya juu. Funga cheni kwa waya na uzibe tundu lake kwa kitambaa, bolti isidumbukie chini. Vuta magneto, ushushe cheni. Raba ya nyuma inafunguliwa huko chini. Raba ya mbele kwenye injini nyingi imebanwa na silinda hedi, kwa hiyo hedi lazima itoke, na gasketi ya hedi iwe mpya. Seti nyingi hazina gasketi hiyo. Ni kasoro ya kweli, ulizia kabla hujalipa.

Wakati wa kurudisha, upande wa mbele wa cheni uwe umekaza, ulegevu wote ubaki nyuma kwenye tenshena. Sproketi ya meno 34 ikikosewa jino moja, kamshafti inapotea zaidi ya nyuzi 10, na kwa krenki ni nyuzi 21: haiwaki, au inawaka bila nguvu. Tenshena irudishwe ndani kabisa kabla ya kufungwa. Ya meno unainua kikwazo kwa bisibisi, ya kusokota unaizungusha kwa bisibisi nyembamba kupitia tundu la nyuma. Ukiifunga ikiwa imetoka na ukalazimisha bolti, utapasua masikio yake.

Kabla ya kiki, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, T irudi mahali pake na alama ya sproketi ya juu pia. Ukihisi kitu kigumu simama hapohapo, ni valvu inagusa pistoni. Seti tapeti kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako (nyingi za 125 na 150 ni kati ya milimita 0.05 na 0.10) injini ikiwa baridi. Safisha chujio, weka oili mpya, na uibadilishe mapema kuliko kawaida ikiwa raba za zamani zilikuwa zimebanduka, maana vipande vingine vimebaki chini ya gia.