Eti pevingi "zinatulia": yaliyonikuta mimi wa Sahare

Nyota moja. Naanza na nyota kabisa ili msije mkadhani nimebembelezwa na mtu, huko mbele nikilegea mtanisamehe, ila ya kwanza ni moja na hiyo yenyewe naitoa kwa uchungu.

Kampuni siitaji, wenyewe watajijua. Ni mafundi wa hapa hapa Tanga mjini, wanafyatua tofali za pevingi na kuja kukutandikia nyumbani. Walinitandikia uwanja kuanzia getini mpaka barazani, na kona ya kuegesha gari. Ilikuwa kabla ya masika, mwezi sikumbuki vizuri. Walikuja asubuhi vijana sita wakapiga kazi mpaka magharibi, ikaisha. Nikafurahi, nikapiga picha nikaweka status, shoga zangu wa Chumbageni wakaniuliza fundi nani nikawapa namba, Mungu anisamehe. Sisi mji wetu ndo ule wa waja leo waondoka leo, na hawa nao wakaja leo wakaondoka leo, nilitakiwa nishtuke pale pale kwamba uwanja wa kupita gari huwezi kuuchimba, ukaushindilia na kuutandika kwa siku moja, lakini nilikuwa nimeshalewa uzuri wake.

Ikanyesha mvua moja ya usiku, mvua ya maana. Asubuhi natoka nakuta mifereji miwili, pale pale matairi ya Noah yanapopita, pamebonyea kama godoro la gesti. Maji yamesimama humo. Wiki haijaisha viluwiluwi vya mbu vinaogelea. Na mama yangu mzazi, naishi naye, anatembelea mkongojo, siku hiyo anatoka kwenda kwenye arobaini ya jirani ncha ya mkongojo ikadidimia katikati ya tofali mbili, nusura tumuokote.

Nikapiga simu. Hapa ndo naomba mnisikilize, maana hata leo naandika mkono unatetemeka.

"Kaka, zile pevingi zimezama."

"Hazijazama mama. Zinatulia."

"Zinatulia?"

"Ndiyo, pevingi zote zinatulia. Na wewe mama tulia."

Halafu nasikia watu wanacheka nyuma yake, kumbe kaniweka kwenye spika. Jamani! Mimi nimezaliwa Ngamiani, nimelelewa na bibi ambaye ukimjibu vibaya mtu mzima unalala na njaa, leo kijana wa kufanana na mdogo wangu wa mwisho ananiambia nitulie, kwenye pesa yangu, mbele ya vijana wake. Nikakata simu. Nikaanika nguo, neno linarudi. Nikakuna nazi, neno linarudi. Zinatulia! Yaani kuna siku nilimfokea mtoto kwa kosa dogo tu kumbe nagombana na lile neno.

Nikamtumia picha na video, tiki mbili za bluu, kimya. Nikatuma tena. Siku ya tatu au ya nne akajibu, "Mama hapo umeingiza Fuso." Fuso! Geti langu Noah yenyewe inapita kwa kukunja vioo, Fuso itapitia wapi, juu ya bati? (Kirikuu kiliingia, hilo sikatai. Mara mbili, labda tatu, kimebeba saruji ya banda la kuku. Lakini kirikuu si Fuso.)

Baada ya kelele nyingi wakaja kurekebisha. Wakaja vijana wawili na ndoo. Mafundi wanaojua wakisoma hapa najua watashika kichwa: hawakung'oa hata tofali moja. Walikoroga saruji na maji wakapiga niru juu ya pale palipozama, wakaijaza kwenye maungio yote, wakapangusa na gunia, wakaondoka. Mimi sijui ufundi, nikaona angalau pamekuwa bapa. Haikuchukua muda ile niru ikapasuka vipande vipande kama ukoko, gari likipita unasikia kroo kroo, na maji ambayo mwanzo yalikuwa yananywea taratibu kwenye maungio sasa hayana pa kwenda, yanarudi barazani kwa mama.

Nikaletewa mzee mmoja, alipendekezwa na jirani, akaja na baiskeli yake, sururu imefungwa kwenye keria. Shikamoo, marahaba mwanangu, hata kahawa hakutaka, akachuchumaa. Akaiangalia ile niru, akauliza, "Nani kakufanyia hivi?" kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa jeraha. Akanieleza kitu ambacho ningependa ningekijua kabla sijatoa hela: pevingi hazishikwi na saruji. Zinashikwa na mchanga uliojaa katikati yake na kingo za pembeni zinazozibana, kila moja inaiegemea mwenzie, "kama abiria kwenye daladala, wakijaa hata breki ikipigwa hakuna anayeanguka." Ukimwaga niru umezigandisha, na chini pakicheza kidogo tu lazima ipasuke kitu.

Akatia bisibisi mbili kwenye maungio, moja huku moja kule, akaichezesha ya kwanza mpaka ikatoka kama jino, nyingine zikafuata kwa mkono. Na chini yake sasa! Nilidhani nitakuta kifusi kilichoshindiliwa. Nimekuta mchanga, mchanga, mchanga, kiganja kizima kinazama, chini ya mchanga udongo wetu ule ule wa bustani na mfuko wa saruji mtupu umekunjwa humo. Mzee akasema mchanga wa kulalia tofali ni kama inchi moja, basi, kazi yake kusawazisha tu, kinachobeba gari ni kifusi cha chini. Wao kazi ya kifusi wameiachia mchanga. Na tena mchanga wa baharini, maana mwanangu wa darasa la pili aliokota simbi humo, simbi zima! Ndo nikaelewa ule unga mweupe uliokuwa unajitokeza juu ya tofali kila jua likiwaka, nilikuwa nausugua na sabuni ya unga kama mwehu, kumbe chumvi. "Mchanga wa Raskazone waachie wanaoogelea," mzee akasema.

Kwa hiyo hazikuwa zinatulia. Zilikuwa zinazama, kaka. ZINAZAMA. Ningekuwa na namba yake nyingine ningempigia palepale, ile ya kwanza alishaniblok.

Mzee akachimba kwenye ile mifereji miwili, karibu futi, akaleta kifusi cha mawe ya Pongwe, kokoto pamoja na vumbi lake. Akamwaga tabaka, akanyunyiza maji, akasema sasa nataka kompakta, ile mashine ya kushindilia, ishindilie hili tabaka kabla sijaweka la pili, nikimwaga yote kwa mpigo juu patakaza na chini pataendelea kuwa uji. Nikasema sawa mzee, kompakta inakodishwa wapi. Akatafuta yeye, nikatafuta mimi, mume wangu akatafuta kazini kwake. Moja mbovu, moja imekwenda Muheza, moja mwenyewe hapokei simu. Siku mbili shimo liko wazi getini, gari linalala nje. Mwisho mzee akasema ipo moja, imepatikana, inakuja kesho.

Kesho yake kirikuu kikasimama getini, mlango ukafunguliwa, nani anashuka? Zinatulia mwenyewe.

Sikumsalimia. Yeye akamsalimia mzee kwa heshima zote, shikamoo baba, nikagundua wanajuana, kumbe alijifunza kazi kwake. Akashusha kompakta. Akaliangalia lile shimo, akaokota ule mfuko wa saruji kwenye rundo la udongo, akaukunja akautupa kwenye gari lake bila kusema neno. Nikauliza bei ya kukodi, kavu kavu. Akasema, "Mama, hiyo ya leo acha." Halafu si akaondoka, akavua viatu akaanza kushindilia yeye mwenyewe, tabaka la kwanza, la pili, mzee amesimama pembeni anaonyesha kwa kidole kama anafundisha mtoto kusoma.

Sasa hapo nifanyeje na nyota yangu? Nikasema basi ziwe mbili. Halafu nikakumbuka spika. Moja.

Wakasawazisha mchanga wa mto kwa rula na pima maji, wakarudisha tofali zile zile, na ukweli usemwe, tofali zao ni imara, zilizokatika ni zile tu zilizogandwa na niru, kama kumi na tano hivi, na akazileta mpya. Wakamwaga juu mchanga mkavu uliochekechwa, wakafagia huku na huku, wakatandika zulia kuukuu tofali zisichubuke, kompakta ikapita, mchanga ukashuka, wakafagia tena, ikapita tena. Wakati huo mzee akainua macho juu akaniuliza, "Mwanangu, haya maji ya bati yanaangukia wapi?" Gata letu lina mdomo mmoja tu, na mdomo wenyewe unamwaga pale pale kwenye mfereji wa kushoto. Akasema hata ningetandikiwa na malaika, maji yakianguka kutoka juu vile kila mvua yatachota mchanga wa kwenye maungio mpaka tofali zianze kucheza. Nikanyamaza. Upande wa bustani nako akaona hakuna kabstoni, zile kingo za kubana pembeni, tofali zinajiendea kwenye maua. Hilo naliandika kwa sauti ndogo: wale vijana waliniambia mwanzoni kingo za upande ule zina bei yake, nikasema achaneni nazo, nitapanda ua wa majani.

Lakini bado! Mtu mwenye kazi yake angeniambia bila kingo hatutandiki, si ndiyo? Au angeandika kwenye risiti. Au angalau asingenicheka.

Masika yamepita juu ya ile kazi, na mvua za vuli zimeanza, mifereji haijarudi. Mume wangu kafunga bomba kwenye gata, maji yanaishia kwenye migomba. Kingo zimewekwa kwa zege. Nina ndoo ya mchanga uliochekechwa chini ya ngazi, nikiona maungio yamepungua nafagia kidogo, na majani yakichipua nayang'oa yangali machanga, mzee alinikataza kuyapiga na maji ya presha maana yanatoka na mchanga wake. Mama anapita na mkongojo wake anagonga ko ko ko, nadhani anafanya makusudi.

Siku ile wakati wa kuondoka yule kijana alisimama kwenye mfereji wa kulia, akapiga kisigino mara mbili, akasema, "Hizi sasa hazitulii." Mpaka leo sijajua kama ile ilikuwa kuomba radhi au bado ananicheka. Nimemuuliza mume wangu, naye anasema we mwanamke tulia. Na yeye nyota moja.

Jana kanipigia shoga yangu wa Chumbageni, mmoja wa niliowapa namba. Za kwake zimeanza kubonyea. Nikampa namba ya mzee. Akauliza, na kompakta je? Nikavuta pumzi, nikamwambia tumia ile ile niliyokupa mwanzo, usimpigie tu akiwa na vijana wake.