Vyombo vya nyumbani vilivyotufaa kambini Ziwa Chala: uzoefu wangu

Familia yetu ni watu watano, tunaishi Majengo hapa Moshi. Kwa mwaka mmoja uliopita tumelala nje mara tatu: mara mbili Ziwa Chala, mara moja Ziwa Duluti kule Tengeru. Kabla ya safari ya kwanza niliingia duka la vifaa vya watalii nikaulizia begi la kulalia. Bei ya moja ilinitosha kununua chakula cha nyumba kwa wiki mbili, na sisi tulihitaji matano. Nikatoka. Nikazunguka masoko ya Memorial na Mbuyuni, kisha nikarudi nyumbani kukagua stoo yangu mwenyewe.

Naanza na kulala, kwa sababu hapo ndipo tulipoumia. Ilikuwa likizo ya Juni. Nilibeba mablanketi sita, nikatandika mkeka mmoja wa ukindu, nikaamini yametosha. Saa nane usiku watoto wote walikuwa wamejikunyata katikati ya hema, kitindamimba analia miguu. Tukawaongezea blanketi juu, haikusaidia kitu, maana baridi ilikuwa inatoka chini. Blanketi linatia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kwenye nyuzi zake. Ukililalia, hewa hiyo inabanwa na kutoka, na udongo unakunyonya joto mgongoni usiku kucha.

Nilipomsimulia mama mkwe, ambaye yuko Kibosho, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona migomba ipo? Unadhani sisi tulilalia nini?" Akatupeleka kihambani, yaani shambani kwake kwenye migomba, akatuonyesha. Unachukua kiroba kitupu cha mchele, unakijaza majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia kwenye shina, halafu unashona mdomo kwa kamba ya katani. Usikishindilie. Kikiwa duara kama gogo, mtoto atateleza usiku. Kiwe kimelegea kidogo, kikilaliwa kishuke. Mtu mzima anahitaji viwili, mtoto kimoja kinamtosha. Viroba nilinunua Mbuyuni Sh 1,000 kila kimoja, majani tuliokota bure. Juu yake tunatandika mkeka, blanketi moja la kulalia na moja la kujifunika, na shuka la Kimasai la kujizungushia mabegani asubuhi.

Safari ya pili tulirudi Chala hiyohiyo, na watoto waliamka jua limeshapanda. Kasoro ipo: majani yanachakarisha kila mtu anapogeuka, na yakilowa yanavunda, kwa hiyo mkirudi yaanikeni au yamwageni shambani. Asiye na migomba akaombe maboksi kwenye maduka ya jumla, ayakunjue, atandike tabaka tatu. Tulifanya hivyo Duluti na tulilala vizuri.

Kitu kingine ninachokipenda kwa dhati ni kapu la joto. Ni kikapu kikubwa cha ukindu, ndani nimekizungushia blanketi kuukuu, na juu naweka mto. Maharage nayaloweka jioni. Alfajiri nayachemsha kwa nguvu nusu saa, nafunika sufuria kwa mfuniko unaobana, natumbukiza kapuni, nafunika na mto. Noah tuliyokodi ikifika tunapakia. Mpaka tumefika, tumefunga hema na watoto wamemaliza kukimbizana, maharage yameiva, yamebaki kuungwa tu. Msiruke ile hatua ya kuchemsha: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali wa dakika kumi au zaidi, na joto la kapu peke yake haliwezi kazi hiyo. Ndizi sijawahi kujaribu kapuni. Wali unaiva vizuri sana.

Maji tunabeba kutoka nyumbani kwa madumu ya mafuta ya lita 20, maana Chala ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano: watu wanapiga kambi juu ukingoni, na maji yako chini kabisa ya mteremko mkali. Kwa kunawa tulitengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita tano, msumari wa moto, kamba na kijiti cha kukanyagia. Watoto walinawa bila kukumbushwa, na dumu moja lilitufikisha jioni.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ndiyo kabati letu. Ndani tunaweka mkate, sukari, unga na mayai yaliyolazwa kwenye unga, na usiku inageuka kiti. Duluti kima walishuka mtini wakachukua mkate uliofungwa kwenye kanga huku tunawaangalia. Ndoo waliigusagusa, mfuniko ukawashinda.

Sasa yaliyonisikitisha. Turubai jepesi la bluu nililonunua dukani kwa Sh 18,000 lilichanika kwenye vitundu vya kamba siku ya kwanza, upepo wa alasiri ulipoanza. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ni la miaka. Niliumia, kwa sababu fedha ile ilikuwa imepangiwa jambo jingine. Baadaye nilipata kipande cha turubai la lori lililotumika, zito, kwa bei inayokaribiana, na hilo halijatingishika mpaka leo. Lifungeni kwa mipira ya tyubu za pikipiki, ile ya kufungia mizigo, badala ya kamba tupu. Mpira unanyumbulika upepo ukivuta, kwa hiyo vitundu havichaniki. Taa ya sola ya bei ya chini kabisa nayo ilizima saa tatu usiku. Kwa taa, bora mtu aongeze fedha kidogo na aiwashe nyumbani usiku mzima kabla ya safari. Chupa ya chai ya kioo ilipasukia njiani.

Kuhusu jiko la mkaa, naomba nisikilizwe. Najua miezi ya Juni na Julai huku kwetu watu huingiza jiko ndani ili kuota moto, na kambini kishawishi ni kikubwa zaidi. Msiliingize hemani, hata kama moto umebaki majivu, hata kama mlango wa hema uko wazi. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo inamuua mtu akiwa usingizini. Kibatari pia kibaki nje. Mtoto akisikia baridi, chemsheni maji, yatieni kwenye chupa ya plastiki ngumu yakishapoa kidogo, izungushieni kanga, mpeni aikumbatie.

Hema lenyewe hatujanunua na sioni sababu. Hapa Moshi vifaa vya mlimani vinakodishwa, na shemeji yangu, ambaye ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, wa miaka mingi, alitufundisha kulikagua kabla ya kulipa: lisimamishwe palepale dukani, zipu zivutwe zote, vigingi vihesabiwe. Mara ya tatu tuligundua kwa njia hiyo kwamba nguzo moja imepasuka, tukabadilishiwa.

Ninachotafuta sasa ni chupa ya chai ya chuma. Memorial niliiona moja Jumamosi, mfuniko wake haukubana, nikaiacha.