Kola ya martingale kwa greyhound waliostaafu: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani

Greyhound, mbwa mwembamba wa mbio, ana shingo nene na kichwa chembamba. Kola ya kawaida ya bizimu, hata uikaze vipi, itapita masikioni siku mbwa akishtuka, akakita miguu ya mbele, akainamisha kichwa na kurudi kinyumenyume. Hiyo ni kazi ya sekunde mbili. Baada ya hapo kamba unayo mkononi, kola inaning'inia tupu, na mbwa anayeweza kukaribia kilomita 70 kwa saa yuko barabarani. Wengi wao wamekulia mabandani, magari na pikipiki hawajayazoea.

Kola ya martingale imebuniwa kuzuia hilo. Ina vitanzi viwili: kikubwa kinazunguka shingo, kidogo kinaunganisha pete mbili za kikubwa na ndicho kinachoshikana na kamba. Mbwa akivuta, kitanzi kidogo kinazivuta pete zikaribiane na kola inakaza. Akilegeza, nayo inalegea. Mashirika mengi ya Uingereza na Ireland yanayowatafutia makao mbwa wa mbio waliostaafu hukukabidhi mbwa akiwa ameshaivaa. Tatizo ni kwamba neno martingale limekuwa jina la biashara, linabandikwa kwenye vitu vyenye ubora wa kila namna.

Tuanze na upana. Kwa greyhound chukua sm 4 au 5. Kola ya sm 2.5, ile inayouzwa kwa mbwa wote wa wastani, inakuwa kama uzi unaokata shingo ndefu isiyo na mafuta wala manyoya ya maana, na nguvu yote inaangukia koo. Ya sm 5 inaitawanya. Kipimo kichukuliwe juu kabisa, nyuma ya masikio tu, maana hapo ndipo kola inapokaa mbwa akitembea. Wauzaji wanaopanga saizi kwa uzito wa mbwa wawekee alama ya kuuliza: dume wa kilo 35 na jike wa kilo 27 wanaweza kuwa na shingo za kulingana. Kola inayorekebishika kati ya sm 30 na 45 huwatosha wengi.

Sasa aina. Madukani utakutana na tatu.

Ya kwanza ni ya utepe mtupu, vitanzi vyote viwili vya nailoni. Hii ndiyo tunayoipendekeza, nayo ndiyo ya bei nafuu. Haina bizimu, inavishwa kwa kupitishwa kichwani. Kila bizimu ya plastiki ni mahali pengine pa kuvunjika, na kwa mbwa ambaye hana haja ya kuvuliwa kola kwa kubanduliwa, bizimu haikupi chochote. Ya pili ina mnyororo mfupi mahali pa kitanzi kidogo. Inateleza vizuri, ni kweli, na mlio wake husikika mbwa akianza kuvuta. Lakini mnyororo hung'oa manyoya ya shingoni, ambayo greyhound hana mengi ya kupoteza, na wakati wa baridi kali unakuwa wa barafu. Ya tatu ina bizimu ya kubofya pembeni. Inafaa kwa mbwa anayechukia kupitishiwa kitu machoni, wako wa namna hiyo, lakini hapo angalau hakikisha bizimu ni ya chuma.

Halafu kuna bitana. Kola nyingi za kupendeza zimewekwa mahameli au flisi (kitambaa chenye manyoya laini) kwa ndani. Zinavutia kwenye picha. Mvua ya Uingereza ikizinyeshea, flisi inabaki na maji hadi asubuhi, inanuka, na mchanga unaoingia humo unaisugua ngozi. Satini ni afadhali: inateleza juu ya manyoya na inakauka upesi. Ila utelezi huohuo una hila yake, na hapa ndipo kola nyingi zinapofelia.

Kigeuze kitanzi kikubwa ukiangalie kile kitelezi cha kurekebishia urefu. Kinashikilia kwa msuguano tu, utepe ukipita juu na chini ya kipande cha katikati. Utepe ukiwa laini, na kitelezi kikiwa cha plastiki chenye kingo za mviringo, kila mvuto unakisogeza kidogo sana. Huwezi kuona kwa siku moja. Baada ya wiki mbili kola imeongezeka sm 2 au 3, na kola iliyokuwa salama siku ya kununua sasa inapita masikioni. Mtu anasema martingale haifai, kumbe kitelezi kilihama. Dawa ni rahisi: ukishapata kipimo, chora mstari kwenye utepe kando ya kitelezi kwa kalamu ya wino usiofutika, uuangalie kila unapomvisha. Au shona mishono minne mitano ya mkono kupitia matabaka mawili ya utepe hapohapo. Kitelezi cha chuma chenye meno au kingo kali hakisogei ovyo, na tofauti yake ya bei ni ndogo.

Mishono nayo ikaguliwe kabla ya kulipa. Penye pete panatakiwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani, au mistari kadhaa ya zigizagi iliyobanana. Mistari miwili iliyonyooka haitoshi. Pete ziwe zimechomelewa. Ipitishe kucha kuzunguka pete nzima. Ukikuta mwanya, hiyo ni waya uliokunjwa tu, na nguvu ya mbwa wa kilo 30 anayekurupuka itaufungua.

Kuivalisha kuna jaribio moja la lazima, lifanywe ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Mvishe mbwa, funga kamba, simama mbele yake uvute taratibu kuelekea kwako ukipandisha kidogo juu, kama vile yeye ndiye anayerudi nyuma. Kola isipite masikio. Kisha, ikiwa imekaza hivyohivyo, tazama zile pete mbili. Zikigusana, kola imefika mwisho wa kukaza kwake, na kama bado unaingiza mkono kwa raha basi ni kubwa mno, ipunguze. Zikiachana kwa nafasi ya vidole viwili na mbwa anapumua bila shida, umepata. Zikiwa mbali sana, kola ni ndogo: haina tena kizuizi cha kuisimamisha, itaendelea kukaza kama tanzi.

Yote hayo ni ya nje. Ndani ya nyumba yenye greyhound wawili, watatu au wanne, kola hiyohiyo inageuka hatari, na kwenye maelezo ya bidhaa jambo hili, kama lipo, huandikwa kwa herufi ndogo. Kitanzi kidogo kinaning'inia. Mbwa wawili wakicheza kwa midomo wazi, taya la mmoja linaingia kwenye kitanzi cha mwenzake, wote wanaogopa, wote wanavuta, na kola inafanya kazi yake ya kukaza. Kitasa cha mlango na wavu wa kreti (kizimba cha kulalia mbwa) vinaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo martingale inavuliwa mlangoni pamoja na kamba. Ndani mbwa akae shingo tupu, au avae kijikola chembamba kinachofunguka chenyewe kikivutwa.

Kibati cha jina kiende wapi? Uingereza, sheria ya mwaka 1992 inataka mbwa aliye mahali pa umma awe na jina na anwani ya mwenye mbwa kwenye kola au kibati. Maikrochipu, ile chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, haiondoi sharti hilo, wala chale za utambulisho za masikioni: greyhound wa Ireland huwa nazo masikio yote mawili, lakini mpita njia hazimwambii kitu. Kibati kinachoning'inia kwenye pete hunaswa na hupotea. Bora bamba bapa linalopitishwa kwenye utepe wenyewe, au namba ya simu iliyotariziwa.

Kwa nyumba ya mbwa wengi, nunua rangi tofauti kwa kila mbwa. Urembo si hoja hapa. Ukizichanganya asubuhi ya giza, jike mwenye shingo ya sm 34 atatoka na kola iliyopimwa kwa dume. Kila mbwa awe na kamba yake ya mita 1.5 hivi. Kile kiunganishi cha kuwafunga wawili kwa kamba moja tunakikataa, maana mmoja akishtuka anamzoa na mwenzake. Kamba ya kujikunja ndani ya kishikio cha plastiki ndiyo mbaya kuliko zote: greyhound hufikia mwendo mkali kwa hatua chache, na kamba ikiisha ghafla shingo ndiyo inayolipa, kishikio kikikuponyoka kinamfuata nyuma kikigonga lami, naye anazidi kukikimbia. Ireland, sheria ya mwaka 1986 hairuhusu mtu mmoja kuongoza greyhound zaidi ya wanne mahali pa umma. Hata wanne kwa mikono miwili ni wengi.

Pamoja na kola, nunua kikapu cha mdomo cha plastiki, kile chepesi cha mabandani. Ni cha bei ya chini na mbwa wa mbio wanakijua tangu ujana, hawakichukii kama tunavyodhani. Ngozi ya greyhound ni nyembamba kiasi kwamba jino lililogusa kwa mchezo linaweza kuacha mpasuko wa kushonwa na daktari wa mifugo. Wakitolewa uani kukimbia pamoja wavae, na wavae wote. Ukimfunga mmoja mdomo na kuwaacha wengine wazi, umemnyang'anya namna ya kujitetea. Kati ya pua na kikapu ibaki nafasi ya sm 1 hivi, aweze kuhema na kunywa. Plastiki ikimsugua juu ya pua, bandika kitambaa kinene cha kujishikiza kwa ndani. Kipo kibakuli cha kuongeza chini, cha kumzuia asile mavi. Kinasaidia, lakini mbwa akinywa maji kwenye ndoo kibakuli hujaa, na pua inakuwa majini. Toboa matundu kadhaa, au ukitoe kabla ya kumpa maji.

Kufua: tia kola ndani ya soksi ukaifunge fundo, nyuzi joto 30, kisha ianikwe. Mashine ya kukaushia hukunja kitelezi cha plastiki, na kitelezi kilichopinda hakishiki tena.

Tukipanga: ya utepe mtupu, sm 5, kitelezi cha chuma, bila bitana au yenye satini, tunaipa nyota tano. Ya bizimu ya chuma, nne. Ya mnyororo, mbili. Ya mahameli yenye kitelezi cha plastiki, ambayo mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote, nyota moja, nayo ni ya kushukuru kwamba rangi haichuji. Saluki wa huko Ghuba, mbwa wa kuwinda wa Kiarabu, wana umbo lilelile la shingo na kichwa, na vipimo hivi vinawahusu pia, ila wengi wao ni wembamba zaidi: wenye nao waanzie upana wa sm 4.