Uzoefu wangu: LUKU, bando na aplikesheni ya kuhesabu siku nikiwa kwenye methadone Dodoma

Naandika hii kwa ajili ya familia zenye ndugu aliyeanza methadone, ile dawa ya hospitali ya kutibu uraibu wa heroini, maana watu wanauliza sana kama kumtumia zawadi za kwenye simu kila akikaa safi kunasaidia kweli au ni kumdekeza teja. Mi nakunywa methadone kwenye kliniki ya Itega hapa Dodoma, na kwangu zimesaidia sana.

Dozi ni bure, unaenda kila siku, unapewa kwenye kikombe unakunywa mbele ya mfamasia, unaongezea maji, unaongea kidogo waone umemeza kweli ndo unaondoka. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, inakata kabisa. Shida ni kufika, hasa Juni Julai upepo wa Dodoma unaingia mpaka kwenye mifupa, afu njiani unapita vijiwe vyako vya zamani na washkaji wanakuita kwa jina.

Sasa dada yangu yuko Mwanza, akaja na mpango wake. Nikishakunywa dozi nampigia video nikiwa getini, hapo hapo ananirushia bando la siku. Wiki ikiisha sijakosa na kipimo cha mkojo kiko safi ananunua umeme wa LUKU wa mita ya nyumbani, zile namba 20 zinaingia kwenye simu yangu naenda kubonyeza mwenyewe na mama yupo anaangalia. Kila wiki anapandisha kidogo, nikikosa tunarudi kiwango cha chini. Hela mkononi hatumi hata nimlilie vipi, na hapo kwa kweli alitumia akili sana, kwa sababu tokeni ya LUKU inakubali mita moja tu, pusha anayeuza unga haimsaidii kitu.

Na iwe papo hapo jamani. Unga unakupa kitu sasa hivi, we unamwambia mtu akikaa safi mwaka mzima utamnunulia bodaboda, huo mwaka haufiki.

Nimekuja kusoma kwamba Marekani wanafanya hivi rasmi, California kupitia Medi-Cal, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mtu anayeacha kokeni au meth (hiyo ni dawa ya kulevya, siyo methadone) anapimwa mkojo, akiwa safi anapewa kadi ya zawadi, kwa wiki 24 inaweza kufika dola 599. Wale wa kokeni na meth wanategemea zawadi zaidi kwa vile hazina dawa yake kama sisi wa heroini tulivyo na methadone, kwa hiyo asitokee mtu akamwambia ndugu yake aache dozi atampa vocha.

Aplikesheni ya kuhesabu siku ambazo sijagusa unga nayo ninayo, naipenda asubuhi, ila yote ni Kiingereza, na notifikesheni yake ilitokea kwenye skrini niko kazini imeandika heroini kabisa, bosi yuko pembeni. Ukiipakua zima notifikesheni kwanza kabla hujafanya chochote.

Ambaye hajui aanzie wapi apige 119, ni ya Mamlaka ya dawa za kulevya, hukatwi salio.