Mbwa wawili na paka mmoja sebuleni kwetu Goma

Shemeji alipokuja likizo kutoka Bruxelles alituletea DVD tatu za watoto. Mbili zilichosha siku ile ile. Ya tatu ni Homeward Bound: The Incredible Journey, nakala yetu ikiwa ya Kifaransa, L'Incroyable Voyage. Nimeitazama mara nne sasa, na katika filamu zote za wanyama wanaosema zilizopita nyumbani kwetu mtaa wa Mapendo, hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Ni ya zamani. Disney waliitoa 1993, wakirudia hadithi ambayo walikwisha kuitengenezea filamu mwaka 1963, na ambayo asili yake ni riwaya ya Sheila Burnford ya 1961. Wanangu wamezoea katuni za rangi kali, kwa hiyo walipoona mbwa wa kweli na nyasi za kweli walianza kununa. Dakika kumi hazikupita, kimya.

Familia inahamia San Francisco kwa sababu ya kazi ya baba. Wanyama wao watatu wanaachwa kwa muda shambani kwa rafiki: Shadow, mbwa mzee mwenye busara, Chance, mbwa kijana aliyeokotwa kwenye kizuizi cha mbwa wasio na mwenyewe, na Sassy, paka mwenye maringo. Siku zinapita, wenyewe hawaonekani. Shadow anaamini kijana wake, Peter, yuko hatarini, anaruka ua, na hao wawili wanamfuata. Mbele yao ni milima ya Sierra Nevada.

Kilichonishika ni kwamba midomo yao haisogei. Siku hizi kompyuta inamchezesha mnyama taya kama mtu anayetafuna, na mimi huwa nachoka mapema. Hapa mbwa anahema, anageuza sikio, anatazama mlima, na sauti yake unaisikia kama wazo. Mdogo wangu wa mwisho, wa miaka mitano, hakuuliza hata mara moja mbwa anasemaje. Aliuliza tu, "Mama, ule mutu anamusikia?" Hapana, mtu hamsikii. Wanyama wanasikizana wenyewe kwa wenyewe, na binadamu anaona mbwa anabweka tu. Hapo ndipo uzuri wote wa filamu ulipo, kwa sababu kila mara wanapojaribu kutuambia jambo tunashindwa kuelewa. Mahali wanapopelekwa kutolewa miiba ya nungunungu usoni kwa Chance, yeye anadhani amerudishwa kule kizuizini, anatetemeka, kumbe wenyewe wako njiani kuja kumchukua. Nilitamani kuingia ndani ya televisheni nimwambie.

Koko, mama mkwe wangu, hajui Kifaransa, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikitafsiri. Kazi hiyo ilinifanya niwasikie vizuri zaidi. Shadow nilimpa Kiswahili cha wazee, cha polepole. Chance nilimfanya amwite Shadow "papa", yaani baba, maana kijana wa kwetu hawezi kumsemesha mzee wa namna ile kwa jina. Sassy alinishinda. Maneno yake ni ya haraka na yana makali, na nilipokuwa bado natafuta la kusema alikuwa ameshafika kwingine. Mwishowe nikawa nasema tu, "Weye, toka hapa," na koko anacheka. Lakini pale Shadow anapotumbukia shimoni kwenye tope, karibu kabisa na nyumbani, akasema nguvu zimemwisha, sikutafsiri. Koko alisema mwenyewe: "Muzee amechoka. Mumuache apumuzike."

Sasa nieleze kwa nini niliikalisha DVD hii kabatini wiki mbili kabla ya kuiweka kwenye deki. Tulikuwa na mbwa, Bobi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa tuhame, ardhi ikitetemeka mchana na usiku, tulibanana na umati bandarini tukapanda boti ya Bukavu. Bobi tulimwachia beseni la maji na bugali uani. Tuliporudi mwezi wa sita beseni lilikuwa limepinduka, na yeye hayupo. Tulimtafuta mpaka mtaa wa Birere. Hatukumpata.

Binti yangu wa pili alikuwa na miaka minne, nikadhani amesahau. Filamu ilipofika kwenye mto, paka akachukuliwa na maji, aliniegemea akasema: "Kumbe Bobi alienda kututafuta." Kaka yake akamjibu, "Sisi tulipita ku ziwa. Hawezi kufuata harufu ku maji." Nilisimamisha filamu. Tukamzungumza Bobi pengine nusu saa, alivyokuwa akikimbiza chukudu, zile baiskeli za mbao, zinazoteremka na makaa, alivyolala mlangoni mvua ikinyesha. Miaka yote hiyo hatukuwa tumefanya hivyo.

Kwa hiyo mzazi ambaye nyumba yake ilipoteza mnyama, au ilihama ghafla, usiwaachie watoto filamu hii ukaenda jikoni. Kaa nao. Puma anayewafukuza atawashtua wadogo, lakini wetu walipiga makofi mbwa walipomrusha mtoni. Kinachouma ni mwisho. Chance anafika, Sassy anafika, na Peter anabaki akitazama kilima kitupu. Kimya kile ni kirefu. Sitasema kinachofuata, ila uwe na leso.

Ina kasoro. Mizaha ya Chance imezidi, na kuna pahali inakata huzuni ambayo ingeachwa itulie. Watu nao wamechorwa kwa haraka: baba wa kambo anayejaribu kupendwa na watoto wa mkewe angestahili nafasi zaidi, maana nyumba za namna hiyo hata hapa ni nyingi. Tena haifiki saa moja na nusu, na sisi tulitaka iendelee.

Leo ni Jumamosi, umeme upo, na wameshaitoa tena kabatini. Koko ameniita niketi karibu. Safari hii anataka maneno yote ya paka.